Kuishi na Mkanda wa Tumbo Bila Kuteseka

Wapo watu waliofungwa mkanda tumboni ambao hutapika karibu kila wiki, hulala wameegemea mito kwa sababu ya kiungulia, hukwamwa na chakula mezani hadi kukimbilia chooni, na wakaamini kwamba ndivyo mkanda unavyofanya kazi. Sivyo. Mkanda uliorekebishwa vizuri hauumizi. Unakushibisha kwa chakula kidogo, unakuacha na nguvu za kufanya kazi zako, na usiku unalala. Ukiona unateseka, tatizo si kwamba huna uvumilivu. Mkanda umebana kupita kiasi, au umehama mahali pake, au hujafundishwa kula nao. Yote matatu yana ufumbuzi.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyekwisha kufanyiwa upasuaji, na ni wa ndugu anayepika nyumbani kwako. Hauchukui nafasi ya daktari wako. Utakusaidia kujua la kufanya kila siku, na kujua ni lini usisubiri.

Mkanda unafanya kazi gani

Mkanda ni pete ya silikoni inayofungwa sehemu ya juu kabisa ya mfuko wa chakula, chini kidogo ya pale umio unapoingia. Juu ya pete hubaki kifuko kidogo, na sehemu kubwa ya tumbo hubaki chini yake. Hakuna kinachokatwa, si tumbo wala utumbo. Upande wa ndani wa pete kuna puto jembamba, na puto hilo limeunganishwa kwa mrija na kidude kigumu kilichoshonewa chini ya ngozi ya tumbo. Kidude hicho wahudumu wengi hukiita poti. Daktari akiingiza maji safi ya chumvi kwenye poti, puto linajaa na mkanda unabana. Akiyavuta, unalegea.

Wazo la mkanda unaobanwa na kulegezwa lilitokana na kazi ya mpasuaji Lubomyr Kuzmak huko Marekani miaka ya 1980. Aliyeufunga kwa mara ya kwanza kupitia matundu madogo, bila kupasua tumbo lote, ni Mitiku Belachew, mzaliwa wa Ethiopia aliyekuwa daktari Ubelgiji, mwezi Septemba 1993. Mwaka 2001 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani iliuruhusu, ukaenea duniani. Leo wapasuaji wengi wamehamia upasuaji wa kupunguza tumbo lenyewe kwa kukata sehemu yake, na mikanda mipya inayofungwa ni michache. Jambo hilo linakugusa moja kwa moja: unaweza kufika hospitali nzuri, Nairobi au Dar es Salaam, Muscat au Birmingham, ukahudumiwa na daktari ambaye hajawahi kurekebisha mkanda hata mmoja. Ndiyo maana wewe mwenyewe lazima uujue mkanda wako.

Wengi hudhani mkanda unazuia chakula kisishuke, kikajaa kile kifuko cha juu kwa saa kadhaa. Zamani hata madaktari waliamini hivyo. Kazi ya Paul O'Brien na wenzake wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, ilibadilisha mtazamo huo. Mkanda ukiwa sawa, tonge dogo lililotafunwa vizuri hupita ndani ya dakika moja hivi, baada ya umio kulisukuma mara chache. Linapopita hugusa ukuta wa tumbo pale penye mkanda, na mguso huo ndio unaopeleka ubongoni habari ya shibe. Kwa hiyo chakula kinatakiwa kupita taratibu. Kikisimama, mambo yameharibika. Ukilishika hili, kanuni zote zinazofuata zitakuwa na maana.

Wiki sita za mwanzo

Katika wiki hizi mkanda unahitaji kushikana na tumbo mahali ulipowekwa. Kutapika sasa kunaweza kuusogeza. Fuata ratiba ya hospitali yako hata kama jirani aliyefanyiwa kwingine alipewa tofauti. Kwa kawaida wiki moja au mbili za kwanza ni vinywaji vilivyochujwa: supu ya mifupa isiyo na vipande, maziwa yasiyo na mafuta mengi, mtindi mwepesi, uji mwepesi. Wiki mbili zinazofuata ni chakula kilichopondwa kabisa: mtori laini, dengu zilizosagwa, viazi vitamu vilivyopondwa kwa maziwa. Halafu vyakula laini vya kutafuna kama yai na samaki asiye na miiba, na kuelekea wiki ya sita unarudi kwenye chakula cha kawaida kidogo kidogo.

Mara nyingi mkanda hufungwa ukiwa mtupu au karibu mtupu. Usishangae basi njaa ikirudi wiki ya tatu au ya nne, wala usiseme upasuaji umeshindwa. Kazi ya mkanda haijaanza. Kipindi hiki ni cha kupona.

Tembea kila siku, hata ndani ya ua, kwa sababu kutembea kunapunguza hatari ya damu kuganda miguuni. Usinyanyue ndoo ya maji, dumu, gunia wala mtoto mzito mpaka daktari akuruhusu. Ukiona mguu mmoja umevimba na unauma, au ukapata maumivu ya kifua na kukosa pumzi, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Namna ya kula

Kanuni ni nne: tonge dogo, kutafuna sana, kusubiri, kuacha mapema.

Tonge lako sasa lina ukubwa wa korosho moja. Kwetu hapa ndipo penye kazi, kwa sababu wengi tumezoea kula ugali kwa kufinyanga tonge, kuchovya mchuzi na kumeza karibu bila kutafuna. Tonge la namna hiyo likifika kwenye mkanda huziba kama kizibo. Huhitaji kuacha kula kwa mkono, ila lazima mkono ujifunze kipimo kipya. Ukiona unashindwa, tumia kijiko cha chai au uma mdogo mpaka uzoee.

Tafuna mpaka chakula kiwe kama uji mdomoni, ndipo umeze. Ukishameza, weka kijiko chini na usubiri kama dakika moja. Usiandae tonge lingine mkononi, maana likiwa tayari litaingia mdomoni kabla ya wakati. Mlo mmoja usizidi dakika 20 hadi 30. Muda ukiisha na chakula kimebaki, kiache. Ukikaa mezani saa nzima ukidonoadonoa, utakula kingi bila kujua.

Anza na kiasi cha nusu kikombe na upakue kwenye sahani ndogo. Ishara ya kuacha ni ile hali ya kutokuwa na njaa tena. Usisubiri kujisikia umejaa. Kwa watu wengine ishara huja kwa kwikwi, mafua ya ghafla au kupumua kwa kina bila kutaka. Jifunze ya kwako. Tonge moja baada ya ishara hiyo ndilo linalokwama.

Sasa kilichomo sahanini. Anza na protini, kwa sababu ukishiba kabla ya kuifikia mwili utakula misuli yake wenyewe. Watu wazima wengi baada ya upasuaji huu huambiwa wapate angalau gramu 60 kwa siku. Kiasi hicho kinapatikana bila makopo ya unga wa bei ghali. Mayai mawili yana gramu 12 hivi. Gramu 100 za samaki aliyepikwa zina zaidi ya 20. Nusu kikombe cha maharage yaliyoiva ina 7, glasi ya maziwa au mtindi ina 8, na kipande kidogo cha paja la kuku, gramu 50 hivi, kinakaribia 13. Jumlisha, umefika 60. Baada ya protini kula mboga, na wanga uwe wa mwisho.

Vyakula vinavyopita kwa urahisi ni samaki wa kuchemsha au wa kupaka, yai, maharage na choroko zilizoiva sana, mtindi, parachichi, boga, ndizi za kupika zilizolainika, mchicha uliokatwa laini, na nyama ya kusaga yenye mchuzi. Vinavyosumbua ni mkate mweupe laini na chapati, ambavyo hugeuka donge mdomoni, ugali mgumu, wali uliokauka, kuku aliyepashwa moto mpaka akakauka, nyama choma, pweza na nyama yoyote yenye nyuzi, mashina ya sukuma wiki, embe la nyuzi, ngozi za chungwa, mahindi ya kuchoma na bisi. Mkate uliochomwa ukakauka hupita vizuri kuliko ule laini. Wengine hula wali bila shida na wengine hawawezi kabisa, kwa hiyo jaribu kimoja kimoja ukiwa nyumbani, umetulia, na sio karamuni. Kikikataa leo, kijaribu tena baada ya mwezi.

Kunywa maji kabla ya mlo, kisha ngoja nusu saa hivi baada ya kula ndipo unywe tena. Kwa siku lenga lita moja na nusu hadi mbili, na zaidi kwenye joto la pwani au la Ghuba. Soda huleta gesi na maumivu. Zaidi ya hapo, kinywaji chochote chenye sukari hupita mkanda bila kuzuiwa na bila kukushibisha. Chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari mara nne kwa siku inaweza kufuta kazi yote ya mkanda. Juisi, aisikrimu, chokoleti na pombe ni hivyo hivyo.

Chakula kikikwama

Utajua. Kifua kinabana katikati, mate yanajaa mdomoni kama povu zito, na unatamani kucheua. Acha kula papo hapo. Simama, tembea polepole, nyoosha mabega, pumua taratibu. Usinywe maji ili kukisukuma, kwa sababu maji yatakaa juu ya donge na kuzidisha maumivu. Usijilazimishe kutapika kwa kidole. Mara nyingi chakula hushuka chenyewe au hurudi chenyewe baada ya muda mfupi. Kikishatoka, tumia vinywaji pekee kwa saa 24, kwa sababu sehemu iliyosumbuliwa huvimba na mlo unaofuata utakwama hata ukiwa laini. Siku inayofuata anza na vyakula laini.

Kisha jiulize sababu. Mara nyingi ni haraka, tonge kubwa, au hasira na mawazo wakati wa kula. Kukwama mara moja moja kwa sababu unayoijua ni jambo la kujifunza. Kukwama kila wiki ni jambo la kumpelekea daktari.

Kubana na kulegeza

Marekebisho ya kwanza hufanywa wiki nne hadi sita baada ya upasuaji, kisha huendelea kila baada ya wiki kadhaa mpaka kiasi kipatikane. Ni kazi ya dakika chache. Unalala chali kitandani, daktari anapapasa tumbo lako na kukuomba unyanyue kichwa kidogo ili misuli ikaze na poti ijulikane ilipo. Anasafisha ngozi, anachoma sindano moja mpaka iguse sehemu ya chini ya poti, anavuta maji kidogo kuhakikisha yuko ndani, kisha anaongeza kiasi, mara nyingi chini ya mililita moja. Sindano hiyo ni maalumu, ncha yake haimegi mpira wa poti. Ya kawaida inaweza kuuharibu, hivyo si vibaya kuuliza kabla hujachomwa. Poti isipopatikana kwa mkono, hutafutwa kwa eksirei au ultrasaundi.

Kabla hujaondoka, kaa wima na unywe glasi ya maji mbele ya mhudumu. Yakishuka bila kusita, nenda nyumbani. Yakisimama kifuani au yakirudi, usikubali kuondoka mpaka mkanda ulegezwe. Siku moja au mbili zinazofuata ni za vinywaji, halafu chakula laini, halafu cha kawaida.

Namna ya kujua mkanda wako uko wapi ni hii. Ukiwa umelegea, una njaa kati ya milo, unamaliza sahani ya zamani, na uzito umesimama. Ukiwa sawa, chakula kidogo kinakutosha kwa saa kadhaa, unakula aina nyingi za vyakula bila shida, na kwa kipindi cha mwanzo unapungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Ukiwa umebana mno, una kiungulia, unakohoa usiku, unatapika, nyama na mboga hazipiti.

Hapa pana mtego unaowanasa wengi. Mkanda uliobana kupita kiasi huweza kukunenepesha. Samaki na mboga vikishindwa kupita, mwili wenye njaa hutafuta kinachopita, yaani biskuti zilizolowekwa chai, uji wa sukari, soda, aisikrimu. Uzito unapanda, mgonjwa anaona aibu, anarudi kliniki kuomba mkanda ubanwe zaidi, na hali inazidi kuwa mbaya. Uzito wako ukianza kupanda, mweleze daktari kila unachokula na kila unachotapika kabla ya kuzungumzia kubana. Huenda dawa ni kupunguza maji yaliyomo kwenye mkanda.

Dalili zisizosubiri kesho

Nenda hospitali haraka ukiona mojawapo ya haya. Hushushi maji wala mate yako mwenyewe kwa saa kadhaa. Maumivu makali ya tumbo yasiyokoma. Kutapika damu, au choo cheusi kama lami. Homa pamoja na tumbo kuuma. Kiungulia na kukohoa usiku vilivyoanza ghafla wakati zamani hukuwa navyo, kwa sababu hiyo inaweza kuwa ishara kwamba sehemu ya tumbo imepanda juu kupitia mkanda. Hali hiyo huweza kukata damu isifike kwenye ukuta wa tumbo, na hapo dharura ni ya kweli.

Yapo mawili ambayo watu huyapuuza kwa sababu hayaumi sana. La kwanza ni ngozi juu ya poti kuwa nyekundu, kuvimba au kutoa usaha miezi au miaka baada ya upasuaji. Usipake dawa ukaridhika. Huenda mkanda umetoboa na kuingia ndani ya tumbo, na maambukizi yamefuata mrija mpaka kwenye ngozi. Hilo huchunguzwa kwa kamera inayopitishwa mdomoni. La pili ni njaa kurudi ghafla na milo mikubwa kupita bila kizuizi. Huenda maji yanavuja, au mkanda umetoboa tumbo. Omba uchunguzi kabla ya kukubali kuongezewa maji.

Ukifika mahali wasipoujua mkanda, sema hivi: "Nina mkanda wa silikoni kwenye tumbo la juu, umejazwa maji kupitia poti iliyo hapa. Naomba maji yavutwe kwanza, na mpasuaji aitwe." Kuvuta maji kunaweza kuokoa hali kabla hujasafirishwa kwenda hospitali kubwa.

Dawa na vitamini

Dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinaweza kuchubua tumbo, na kwako mchubuko karibu na mkanda ni hatari. Katika maduka yetu ya dawa diklofenaki hutolewa kwa kila mgongo unaouma, kwa hiyo jizoeze kutaja mkanda kabla hujataja maumivu. Parasetamoli ndiyo ya kuanzia. Ikiwa daktari wa moyo amekupa aspirini, usiiache mwenyewe, waache yeye na mpasuaji wako wakubaliane. Sigara nayo huharibu tumbo na kuchelewesha vidonda kupona.

Vidonge vikubwa, kama vile vya metformini, vinaweza kukwama. Muulize mfamasia kama kuna cha maji au kidogo. Usisage kidonge bila kuuliza, maana vile vinavyotoa dawa polepole vikisagwa humwaga dozi yote mara moja. Kama unatumia insulini au glibenklamidi, sukari inaweza kushuka ghafla unapoanza kula kidogo, na dawa za presha nazo zinaweza kukuzidi uzito ukipungua. Pima mara kwa mara na urudi kwa daktari apunguze dozi. Usizipunguze mwenyewe.

Kwa sababu unakula kidogo, chukua vidonge vya vitamini na madini kila siku kama ulivyoelekezwa, na pima damu angalau mara moja kwa mwaka: wingi wa damu, madini ya chuma, foleti, vitamini B12 na D. Ukitapika kwa siku kadhaa mfululizo, mwambie daktari akupe tiamini, yaani vitamini B1, mapema. Ikiisha mwilini huathiri mishipa ya fahamu na ubongo, na madhara yake yanaweza kubaki. Nywele zikianza kutoka mwezi wa tatu au wa nne, usiogope. Mara nyingi huota tena uzito ukitulia, mradi protini na madini ya chuma vinatosha.

Mimba, saumu na safari

Uzito ukipungua, uwezo wa kushika mimba hurudi hata kwa mwanamke aliyekaa miaka bila mtoto. Madaktari hushauri kusubiri miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji, hivyo panga uzazi tangu mwanzo. Ukishika mimba, nenda mapema kwa waliokufunga mkanda. Unaweza kulegezwa ili ule vya kutosha wakati wa kichefuchefu na mtoto anapokua, kisha ubanwe tena baada ya kujifungua.

Ukitaka kufunga Ramadhani, zungumza na daktari wiki kadhaa kabla, hasa kama ni mwaka wako wa kwanza, umerekebishwa karibuni, au una kisukari. Dini imemruhusu mgonjwa kula na kulipa baadaye. Ukiruhusiwa kufunga, hatari kubwa iko saa ya kufuturu, pale njaa inapokutana na kaimati, sambusa na mihogo ya nazi. Fungua kwa maji kidogo kidogo na tende moja uliyoitafuna mpaka ikaisha. Nenda ukaswali. Ukirudi, kula mlo mdogo wa protini. Gawa maji yako kati ya futari na daku, maana glasi tatu kwa mkupuo hazitapita.

Ndani ya ndege wengine huhisi mkanda umebana zaidi. Siku ya safari kula vyakula laini, kunywa maji taratibu, na usirekebishwe siku chache kabla ya safari ndefu.

Watu na maneno yao

Kwetu kupungua huzua maswali. Wengine watakuuliza unaumwa nini, na wengine watanong'ona bila kukuuliza. Mwenyeji naye ataona hujala kwa kuwa hukupenda upishi wake. Si lazima umweleze kila mtu habari za upasuaji, ni mwili wako. Lakini yupo mmoja au wawili nyumbani wanaopaswa kujua, wakaonyeshwa poti ilipo na dalili za hatari, kwa sababu siku usiyoweza kusema watasema wao.

Harusini, omba sahani yako mwenyewe badala ya kukaa kwenye sinia. Sinia halina kipimo, na wanaokula nawe wana kasi yao. Shangazi akisema, "Mwanangu, mbona hujagusa pilau?" mjibu kwa upole: "Nimeshiba, shangazi, pilau tamu mno. Nifungie kidogo nitakula nyumbani." Umemheshimu, na hukujiongezea tonge moja lililozidi. Njaa inayotokana na upweke, hasira au uchovu, mkanda hauigusi. Kama chakula ndicho kilichokuwa faraja yako, tafuta mshauri nasaha au kundi la waliopitia upasuaji, na uyachukulie mazungumzo hayo kama sehemu ya matibabu.

Ikibidi utolewe

Mkanda hauna tarehe ya mwisho. Ukikufaa na hauleti shida, unaweza kukaa. Lakini si wachache ambao hatimaye hutolewa, kwa sababu umehama, umetoboa, umeleta kiungulia kisichoisha, au uzito haukushuka. Kutolewa mkanda hakukuhukumu kwamba ulikosa nidhamu. Muulize daktari mapema nini kitafuata, kwa sababu wengi huongezeka tena uzito wakiachwa hivi hivi. Baadhi hufanyiwa upasuaji wa aina nyingine baadaye, na baadhi hutumia dawa za kupunguza uzito chini ya uangalizi.

Mambo ya kufanya wiki hii

La kwanza, pata karatasi zako. Kama ulifanyiwa India, Uarabuni, Ulaya au Nairobi, andikia hospitali uombe ripoti ya upasuaji: aina ya mkanda na ukubwa wake, tarehe, mahali poti ilipo, na maji yaliyomo sasa kwa mililita. Mikanda hutofautiana, na mililita tano kwenye mmoja ni nyingi wakati kwenye mwingine ni kidogo. Piga picha karatasi hizo, ziweke kwenye simu yako na ya mtu wa nyumbani.

La pili, mtafute daktari aliye karibu nawe anayejua kurekebisha mkanda, sasa hivi ukiwa mzima. Mwongozo wa afya wa Uingereza unataka aliyefanyiwa upasuaji wa uzito afuatiliwe na kliniki ya upasuaji kwa angalau miaka miwili, kisha achunguzwe kila mwaka maisha yake yote. Dai kiwango hicho hicho popote ulipo, na uweke miadi hata kama hakuna kinachouma.

La tatu, kwa siku saba andika ulichokula, ulipokwama, ulipotapika na ulivyolala. Daftari hilo ndilo utakaloweka mezani kwa daktari. Likionyesha unateseka, usitoke chumbani mwake mpaka mmekubaliana la kufanya.